Sabuni, blada na kadibodi: Ujanja wa mafundi tingatinga likizima porini

Kama umewahi kupita mahali barabara inajengwa ukaona greda limesimama kimya, watu watano wameliinamia na wa sita anaonekana miguu tu chini yake, usidhani wanapiga domo. Hapo kuna pesa inaungua.

Nimewahi kuwa mmoja wa hao. Nilipomaliza kidato cha nne, kabla sijajua nitashika lipi, mjomba alinitafutia kibarua kwa kontrakta aliyekuwa akitengeneza barabara ya murram katika Kaunti ya Isiolo. Cheo changu kilikuwa spana boi. Kazi yenyewe: kubeba spana, kuosha spana kwa dizeli, na kutofautisha 17 na 19 kwa macho kabla fundi hajapandisha sauti.

Wiki ya kwanza tu, greda letu lilizima kilomita kama 60 kutoka lami. Tangi la mafuta lilikuwa limepata ufa mwembamba kwenye kiungo cha kuchomelea, kwa sababu ya mtikisiko wa kila siku, na dizeli ilikuwa imevuja asubuhi nzima bila opareta kugundua. Mtandao wa simu, hakuna. Fundi wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, hata bosi mwenyewe, alilizunguka tangi mara moja kisha akanituma kwa mama wa chakula. Nilidhani anataka chai. Kumbe alitaka mche wa sabuni.

Sabuni ya kufulia, ile ngumu ya kukatwa kwa uzi. Aliupangusa ufa kwa kitambaa, akausugua kwa sabuni kavu huku akiisukuma ndani kwa kidole gumba, mpaka mvujo ukawa tone, na tone likakauka. Nilicheka. Mzee hakucheka. Alinieleza kwamba gundi nyingi hulainika zikikutana na dizeli, lakini sabuni haiyeyuki kwenye dizeli. Kinachoyeyusha sabuni ni maji. Kwa hivyo dawa yetu ingeshika mradi mvua isinyeshe, na mwezi ule Isiolo hata wingu lilikuwa adimu.

Tatizo la pili lilikuwa hewa. Injini ya dizeli ikikaukiwa mafuta hufyonza hewa hadi ndani ya mabomba, na ukijaza tangi baadaye haiwaki tu. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Pampu inabaki ikibana upepo na nozeli hazipati kitu. Tulilegeza skrubu ndogo juu ya filta, nikapewa pampu ya mkono nipige. Yakatoka mapovu kama ya soda iliyotikiswa. Nikapiga, nikapiga, mkono ukafa ganzi, hadi dizeli ikaanza kutoka safi bila povu, Mzee akakaza. Kisha tukalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, opareta akipiga stata. Greda likakohoa, likatoa moshi mweupe, likashika.

Siku hiyo niliamua hii ndiyo kazi yangu. Manze, nilijiona daktari.

Hesabu ya kukwama

Ukitaka kujua kwa nini mtu anapaka tangi sabuni badala ya kungoja spea, piga hesabu. Kukodi greda au tingatinga la kuchimba ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa siku. Na likizima, halizimi peke yake. Tipa zinapanga foleni bila cha kupakia, rola halina cha kushindilia, bauza la maji linakaa, vibarua wanalala chini ya mti wakihesabu kama siku hiyo italipwa. Mara nyingi hailipwi.

Spea nayo ina safari yake. Unapiga picha ya kitu kilichovunjika, namba yake ikisomeka, unapanda kilima kutafuta mtandao, unaituma kwa WhatsApp hadi duka fulani la Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ikipatikana, inapandishwa basi la usiku kama parseli, karibu kilomita 300 hadi Isiolo mjini, halafu boda au pikapu ya mtu yeyote anayekuja upande wenu. Mambo yakienda sawa, siku moja na nusu. Isipopatikana nchini, anza kuhesabu wiki.

Ndiyo maana swali la kwanza la fundi wa porini haliwi kitu kipya kinauzwa wapi. Anauliza mashine hii, jinsi ilivyo sasa, inaweza kunifikisha wapi.

Majibu niliyoyaona mengine yalinishangaza kuliko ile sabuni. Kila boksi la spana lina blada, vipande vya tyubu kuukuu za baiskeli au lori. Hosi ya maji ya radieta ikitoboka, unaikausha, unaizungushia blada ukiivuta hadi iwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kisha unafunga waya. Ujanja uko kwenye kifuniko cha radieta: injini ikiwa imepoa, unakifunga nusu ili presha isipande na kuifungua kazi yako. Ila sasa maji yatachemka mapema, kwa hivyo opareta anaendesha polepole, jicho kwenye geji, na jerikeni ya maji iko karibu.

Kuna pia gasketi ya kadibodi. Unaweka kipande cha boksi juu ya uso wa chuma, unagonga pembeni taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, na ukingo wa chuma wenyewe unaikata kadibodi kwa umbo lake hasa, mashimo ya bolti na yote. Unapaka silikoni au grisi, unafunga. Kwenye kifuniko cha pampu ya maji inafanya kazi vizuri kabisa. Kwenye kichwa cha injini, ambako mafuta yanalipuka ndani ya silinda, haimalizi dakika. Tofauti hiyo ndiyo ufundi wenyewe, na hakuna aliyeniandikia mahali.

Wapo wanaovunja yai ndani ya radieta, au kumwaga unga wa pilipili, ili uzibe tundu. Ni kweli huziba. Shida ni kwamba haliulizi ni tundu lipi. Huziba na njia nzima za maji pia, na baada ya wiki unanunua radieta. Mzee alisema afadhali alile lile yai.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya cheni. Tingatinga la kuchimba hutembea kwa cheni za chuma, na likikata kona vibaya kwenye mawe cheni huchomoka kwenye magurudumu yake. Cheni moja ina uzito ambao nyinyi wote kwenye saiti hamuwezi kuunyanyua. Kwa hivyo tingatinga linajinyanyua lenyewe: opareta anageuza mkono upande wa cheni iliyotoka, anasukuma ardhi kwa ndoo, upande ule unapanda hewani. Cheni hukazwa kwa grisi iliyoshindiliwa ndani ya silinda, basi unailegeza valvu yake kidogo kidogo, isizidi mzunguko mmoja, uso wako ukiwa mbali nayo kwa sababu grisi ile inaweza kutoka kama risasi. Gurudumu la mbele linarudi nyuma, cheni inapata ulegevu, mnairudisha kwa mtaimbo huku opareta akiizungusha taratibu mno. Kisha mnashindilia grisi tena kwa pampu ya mkono. Saa tatu, watu wanne, na hakuna spea hata moja iliyonunuliwa.

Mashine mpya zinakupunguzia nafasi ya ujanja huu. Zina kompyuta na vihisi, na injini nyingi za sasa husukuma dizeli kwenye mabomba ya nozeli kwa presha inayopita bar 1,000. Zile nati tulizolegeza kwenye greda letu la zamani, kwenye injini ya aina hiyo usithubutu kuzigusa ikizunguka.

Na hapo ndipo ninapofikia kile kilichonifanya niandike.

Kama mwiba

Tulikuwa spana boi wawili. Mwenzangu alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja, kutoka Kariobangi, na alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi. Bolti iliyokataa kwangu ilimkubalia yeye. Asubuhi moja Mzee akiwa safarini Nairobi kufuata spea, tingatinga likaanza kutoa ukungu wa mafuta karibu na kiungo cha mkono. Halikuwa bomba lililopasuka. Ni ukungu tu, kama wa chupa ya manukato, na mkono ulikuwa unapoteza nguvu.

Msimamizi alitaka mtaro uishe siku hiyo. Sisi tulikuwa tumeshaona blada ikiponya radieta, tukaona na hii ni hosi tu. Mimi ndiye niliyekata blada. Mwenzangu alipanda, akafunga, akaweka waya, na opareta akapandisha injini ili tuone kama imeshika. Ukungu ukaendelea. Hatukujua unatoka wapi hasa. Akachukua kitambaa, akaanza kuipapasa hosi kutafuta tundu.

Alirudisha mkono haraka na kusema amechomwa na mwiba wa waya. Tuliangalia kidole cha shahada: kitone chekundu, damu hata haikutosha kuchafua kitambaa. Akakinyonya, akatema, tukaendelea na kazi hadi saa kumi.

Ninachojua sasa, na ambacho hakuna aliyekuwa ametuambia, ni hiki. Hosi ya maji ya radieta ina presha ndogo, bar moja na kitu. Tairi la gari dogo lina bar mbili hivi. Tingatinga la tani 20 hufanya kazi kwa presha ya karibu bar 350. Ngozi ya binadamu hupenyeka kwa kama bar 7. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano kwa presha hiyo, yanakuwa sindano yenyewe: yanapita kitambaa, yanapita glavu, yanaingia kidoleni na kupanda kando ya mishipa ya kukunjia vidole hadi kiganjani, yote kwa kufumba na kufumbua. Nje kinabaki kitone.

Mwanzoni haiumi sana. Hapo ndipo inapowakamata watu. Usiku kidole kilivimba, kikawa kizito na baridi, na yeye hakulala. Asubuhi alifika zahanati ya karibu, akasema amechomwa na waya, kwa sababu ndivyo alivyoamini. Akapewa sindano ya pepopunda na tembe za maumivu. Kosa silioni kwa yule muuguzi, alitibu alichoambiwa. Alipofika hospitali yenye daktari wa upasuaji ilikuwa siku ya tatu. Kidole hakikuokoleka.

Madaktari wameijua ajali hii tangu 1937, ilipoandikwa kuhusu fundi wa injini ya dizeli aliyepigwa na mafuta ya nozeli. Uhakiki mmoja wa kitabibu wa 2006 uliopitia visa zaidi ya 400 ulikuta kwamba karibu watu 30 katika kila 100 waliishia kukatwa kiungo, na kwamba kusafishwa kwa upasuaji ndani ya saa sita huipunguza hatari hiyo kwa vitu vikali kama rangi na dizeli. Saa sita. Sisi saa sita za kwanza tulizimaliza tukichimba mtaro.

Basi kama wewe au msee wako mnafanya kazi karibu na mashine hizi, au hata jeki ya haidroliki ya gereji na pampu za kupuliza rangi, yashike haya. Mvujo hautafutwi kwa mkono. Chukua kipande cha kadibodi kirefu, ukipitishe mbali na mwili. Mahali kitakapolowa au kutoboka ndipo penye tundu. Kabla ya kufungua chochote, ndoo iteremshwe hadi chini, injini izimwe, na levi zichezwe kila upande ili presha iliyobaki ndani itoke, maana kuzima injini peke yake hakuiondoi. Na mtu akichomwa, hata kama anacheka, nenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji na useme maneno haya: mafuta yameingia kwa presha. Beba na lebo ya mkebe wa mafuta.

Alivyorudi Mzee

Mzee alirudi kesho yake na parseli isiyohusiana na hosi ile. Hakutugombeza, na heri angetugombeza. Aliing'oa blada yangu, akaitupa, kisha akasimama akiliangalia tingatinga kwa muda mrefu. Kwenye mkono wake kulikuwa na mabomba ya kuendeshea nyundo ya kuvunja mawe, nyundo ambayo sisi hatukuwa nayo. Alisoma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa hosi ya nyundo, akasoma ya hosi iliyotoboka, akalinganisha presha, unene na vichwa vyake. Zililingana. Akahamisha moja, akaziba mdomo ulioachwa wazi kwa plagi ya chuma, na saa mbili baadaye tingatinga likachimba. Huo nao ulikuwa ujanja wa porini, bila senti. Tofauti ni kwamba alisoma kwanza.

Baadaye alinitajia mengine ambayo yeye haguzi hata bosi akipiga magoti. Kuwasha mashine ukiwa chini, kwa bisibisi kwenye stata: ikiwa iko kwenye gia inakukanyaga. Kuingia chini ya ndoo iliyonyanyuliwa na kushikiliwa na haidroliki peke yake au jiwe. Kuchomelea tangi la dizeli kwa sababu eti ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kujaza upepo tairi la lori lenye rimu ya vipande huku umesimama mbele yake. Kila moja alikuwa na mtu anayemjua. Sikumuuliza majina.

Karatasi pia zina maana yake, ingawa kijana wa miaka 19 hazioni. Mwenzangu hakuwa na barua ya kazi. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi, basi. Lakini sheria ya fidia kwa majeraha kazini, WIBA ya 2007, inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Hatukujua. Mjomba wake alichangisha. Kama uko saiti sasa hivi, piga picha ya ukurasa wenye jina lako kwenye lile daftari, kila wiki. Picha ya simu haina gharama.

Na kama unataka kuifanya kazi hii hasa, njia zipo. Chuo cha KIHBT hufunza waendeshaji na mafundi wa mitambo ya ujenzi. NITA nayo hutahini mafundi kwa gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, hata kama ujuzi wako wote uliupata chini ya greda. Mzee mwenyewe alikuwa na gredi ya kwanza, cheti chake amekikunja ndani ya mfuko wa plastiki kwenye boksi la spana, pamoja na mche wa sabuni.

Mimi niliishia kwenye kalamu. Mwenzangu hakuacha mashine. Leo yuko kwenye kibanda pembeni ya Kirinyaga Road, anakata na kubana hosi za haidroliki, vidole tisa, na anabana haraka kuliko wenye kumi. Nilimpitia mwezi uliopita. Kijana mmoja alikuwa amekuja na hosi iliyotoboka ndani ya gunia, mikono imejaa mafuta, ana haraka, basi linaondoka saa mbili usiku. Rafiki yangu alimuuliza swali moja kabla ya kuishika ile hosi: tundu ulilipata kwa nini? Kijana akasema kwa macho. Akaangaliwa mikono, kidole baada ya kidole, mbele ya wateja wengine. Kisha akapewa hosi yake mpya, na kipande cha boksi alichokatiwa pale pale.